Nguruwe Walikuwa Wanaona

Hapa Kitti, kusini mwa kisiwa cha Ponpei,
mvua haibishi hodi. Inaingia, inatoka, inarudi.
Jua likishazama, mwanangu Kasiano
alinyoosha mikono mbele
kama anayepapasa ukuta usiokuwapo.
Nikamwita mzembe. Nikamwita mkaidi.
Alipojikwaa kwenye beseni la vyombo mara ya tatu
nilimchapa kofi,
na kofi lile mpaka leo linaniwasha kiganjani.

Nesi Erlihda alimmulika macho kwa tochi.
"Anakula nini?"
Nikajibu kwa fahari: wali.
Wali mweupe wa gunia, uliovuka bahari,
na nyama ya kopo, na tambi za pakiti.
Mume wangu ana mshahara; hatukosi.
"Na ile migomba nyuma ya nyumba yenu?"
Ile? Ile ya nguruwe.

Akatabasamu, bila kunisimanga.
"Basi nguruwe wako wanaona usiku."

Nikarudi nyumbani, nikashika panga.
Karati hainami kama ndizi nyingine,
mkungu wake husimama wima, chane zimeelekea mawinguni.
Ukiukata, utomvu wa zambarau
unakuharibia nguo, na hautoki.
Vidole vyake vifupi, vinene, havina umbo la kusifiwa.
Lakini menya.
Ndani hakuna weupe:
kuna kiini cha yai la kuku anayejitafutia mwenyewe.

Rangi hiyo ndiyo mali, alisema nesi.
Mwili huichukua, huigeuza vitamini A,
huipeleka jichoni.
Kadiri inavyokoza ndivyo inavyofaa.

Nami nikakumbuka kijiko.
Mama akiikwangua karati iliyoiva, taratibu,
akimlisha mdogo wangu asiye na jino.
Nilisahau lini?
Labda siku Pernardo alipofungua duka.

Siku ya pili, ukelele chooni:
"Mama! Mkojo wangu umekuwa kama koti la mvua!"
Nikakimbia, nikafika, nikacheka hadi nikakaa chini.
Sisi utotoni tulishindana
nani wake una manjano zaidi.
Hiyo ni vitamini nyingine, inapita na kuaga.

Sitaisingizia ndizi sifa zote.
Nesi alimpa na kidonge,
na majani ya kisamvu cha jirani tulichuma pia.
Wiki zilikwenda, nami sikuhesabu, niliogopa kuhesabu.

Jana umeme ulikatika, kama desturi yake.
Umebaki wekundu wa makaa tu jikoni.
Napapasa meza natafuta kibiriti.
"Kiko kushoto kwako,"
akasema Kasiano, mdomo umejaa.
"Na blauzi umeifunga vifungo upogo."

Nguruwe siku hizi tunawapa maganda.
Wamenuna.