Ubao wa Stesheni

Baba alikuwa karani wa stesheni, Nguruka.
Kazi yake chaki na ubao mweusi:
"Treni kutoka Tabora itachelewa saa tisa."
Abiria hawakulia. Walitandika khanga,
wakawasha jiko, wakapasha migebuka,
maana kilichochelewa hakijafa.

Mimi naandika tau,
herufi ya Kiyunani iliyosimama kama uyoga wa masika.
Mlinganyo wangu unasema:
homa ya leo usimdai mbu wa leo.
Rudi siku kumi na mbili ndani ya damu ya mgonjwa,
rudi kumi tena ndani ya tumbo la mbu,
utafika usiku fulani wa Machi,
Malagarasi imepanda hadi kwenye matuta ya mihogo,
na mtu mmoja amelala chali
asijue kwamba hesabu inaanzia kwake.

Mbu mchanga hana hatia.
Amekunywa, amebeba, lakini mzigo haujaiva,
na wengi hufa nao njiani:
buibui, moshi, kofi la mlevi.
Anayeua ni kikongwe,
yule wa wiki tatu, mbawa zimechakaa.
Nimelithibitisha hilo kwa kurasa saba.

Kisha Toyi akashikwa na homa.
Pacha wa dada yangu, Bukuru na Toyi,
mkeka mmoja, shuka moja.
Nilihesabu kurudi nyuma kwa vidole
kama mtoto wa darasa la pili:
siku kumi. Usiku wa matanga ya shemeji,
tulipowapa wageni chandarua cha watoto.
Kamba zake nne nilizifungua mimi.

Toyi amepona. Dawa siku tatu,
leo asubuhi kadai uji, tena wenye ndimu.

Bukuru anaruka kamba uani.
Kipimo chake safi, jana na juzi,
nami najua kipimo safi kinasema nini:
bado.
Leo ni siku ya kumi na tatu.
Wastani wangu ni kumi na mbili,
lakini wastani haujawahi kulala na mtoto,
ukamsikiliza anavyopumua.

Baba aliinama, akaweka sikio kwenye chuma.
Reli, alisema, huanza kunguruma
kabla hujaona moshi.

Usiku nimeingia taratibu,
nimeinua chandarua upande mmoja,
nimeweka kiganja kwenye paji la uso wa Bukuru
na sijakiondoa.