Bonyeza Tatu

Jumanne moja ya Desemba nilipanda kwa miguu
hadi kwa Karadzhov na Mwana, wauza vipuri vya lifti,
ghorofa ya nne, Plovdiv. Lifti yao mbovu.
Nilibeba simu kumi na sita nyepesi kama maganda,
na kisanduku chenye taa ya kijani
kisichozidi kitabu cha sala.

Bi Zdravka alikuwa mbele ya swichibodi,
miaka thelathini na mmoja, kiti kilekile.
"Na sauti itapita wapi?"
Nikamweleza: itakatwakatwa, mama,
kila kipande kitapewa anwani, kitashika njia yake,
upande wa pili vitakutana na kujipanga.
"Na kikipotea kimoja?"
Hakuna atakayegundua, nikasema.
Akanyamaza. Akamenya chungwa.

Mwana alihesabu akiba kwa vidole:
laini tatu za shaba, nusu ya bili,
mshahara mmoja.
Ila menyu ilitaka sauti,
na wateja walishazoea ya nani?
Basi akarekodi, siku yake ya mwisho,
koti mwilini, mafua puani:

Kwa mauzo, bonyeza moja.
Kwa fundi wa dharura, bonyeza mbili.
Kwa madeni na malipo, tafadhali, bonyeza tatu.

Theluji ikaporomoka paani, ikaingia nayo kwenye rekodi.

Usiku nikaitazama sauti yake kwenye kioo,
vilima na mabonde. Nikafuta theluji.
Nikafuta pumzi.
Nikafuta na lile neno, sekunde moja na nusu,
nani ana muda?

Februari, katika orodha ya simu, namba moja:
kila jioni, saa moja na dakika tano, ofisi imefungwa,
hungoja menyu iishe,
haibonyezi kitu,
hukata.
Siku ishirini na mbili. Nikadhani ni mwizi wa laini,
nikakaribia kuifungia.
Kisha nikaipiga.

"Ah, wewe wa maboksi."
Nyuma yake sufuria ilitokota.
Nilikuwa nimeandaa pole. Hakuitaka.
"Namkagua yule msichana. Ameshika kazi yangu,
sharti akaguliwe.
Moja, sawa. Mbili, sawa.
Tatu anaamrisha watu!
Anayetaka tatu anadaiwa, kijana,
ameizungukia simu tangu asubuhi kwa aibu.
Humwambii bonyeza, hivi hivi tu."

Neno lilikuwapo bado katika faili la kwanza,
limebanwa na mafua.
Nikalirudisha, na pumzi yake,
na theluji nikaiacha.

Saa moja na dakika tano taa ya kijani ikameta.
Alisikiliza hadi mwisho.
Kisha, kwa mara ya kwanza, akabonyeza.
Asubuhi mhasibu alikuta ujumbe:

"Zdravka hapa. Bado nadai siku tisa za Desemba.
Tafadhali."