Tabaka Mbili

Tramu ya mwisho imeshavuka Odra.
Mchana hatupimi: kila behewa huja na sumaku yake,
likatutikisa meza, likatusingizia matokeo.
Kwa hiyo sisi wa maabara ya chini, hapa Wrocław,
ni watu wa usiku, kama wezi na waoka mikate.

Jana nilichuna.
Utepe wa gundi, ule ule wa kufungia vifurushi,
nikaubandika juu ya fuwele nyeusi, nikaubandua,
nikaukunja, nikaubandua tena,
mikono imezama katika glovu za sanduku la argoni,
maana hewa tunayovuta ni sumu kwa fuwele hii:
dakika chache tu, inageuka tone la maji machafu.
Kilichobaki hakina unene wa kusemwa.
Ulaze unywele wangu kando yake, ni mlima.

Bożydar akainamia hadubini. "Tatu.
Tabaka tatu, Jagna, kwa rangi hii naapa."
Tukakizika kwenye baridi ya heliamu,
baridi ambayo hata Januari ya hapa haijaiota.

Kupima kwenyewe ni adabu tu.
Unatuma nuru iliyonyooka
ikagonge utando, irudi.
Pakiwa na sumaku, hurudi imegeuza shingo
kidogo mno, kama mtu aliyesikia jina lake sokoni
akajizuia asiangalie.
Sisi tunapima ile shingo.

Leo shingo haikugeuka.
Sufuri. Nikafuta lenzi. Sufuri.
Bożydar akalaani leza, akalaani heliamu na bei yake,
akaenda kuchemsha chai.

Nikabaki nikiongeza uga wa sumaku, nukta kwa nukta,
kwa ukaidi zaidi kuliko elimu,
na ghafla mstari kwenye skrini ukaruka
kama paka aliyekanyagwa mkia.

Hazikuwa tatu. Zilikuwa mbili:
moja ikivuta juu, ya pili ikivuta chini, nguvu sawasawa,
na mpimaji aliye nje akiandika, hakuna kitu.

Nilicheka, halafu sikucheka.
Nilikumbuka meza ya jikoni kwetu Opole,
baba upande wa dirisha, mama upande wa jiko,
miaka kumi na minne ya supu na sauti ya vijiko,
na jirani, Bi Szczepanik, kila Jumapili:
"Nyumba yenu, jamani, ina utulivu."
Hadi bibi alipohamia na kasha lake,
nyumba ikaegemea upande.
Hapo ndipo watu waliposikia.

Bożydar amerudi na vikombe.
"Bado sufuri?"
Nimemwonyesha mruko. Ameketi, miwani imejaa mvuke,
hajaivua.
Kwenye daftari, safu ya unene, nimekata tatu.
Safu ya sumaku nimeiacha wazi;
silijui bado neno la kitu kilichojaa
kinachosomeka sufuri.

Tramu ya kwanza ni saa kumi na nusu.
Tunacho kipimo kimoja zaidi.