Mkalimani wa Profesa

Neno "afya" lilinitoa jasho.
Bi Kabahenda alikuja nalo kutoka Makerere
mwaka ule mtama ulipokaukia shambani,
yeye na utepe wa kupimia mikono ya watoto,
mizani ya ndoano, na madaftari kumi na mawili
yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Muulize, mwaka huu ameugua mara ngapi?"
Nikamuuliza Napeyok, akiwa anakamua.
Akahesabu kwa vidole vyenye povu:
"Yule mwekundu, mara mbili. Wa pembe moja
alikohoa hadi mvua. Mweupe ndiye tuliyemla."

"Siyo ng'ombe, Longole. Yeye mwenyewe."
Nikarudia. Napeyok akanitazama
kama mtu aliyeulizwa jina la kiwiko chake.
"Kwani nimesema nini?"

Profesa akaukata mstari kwa wino mwekundu.
Nami nikanyamaza. Nililipwa kwa siku,
kilo ya sukari na chumvi kidogo;
kusahihisha hakukuwamo.

Kila kiangazi vijana walivusha mifugo Omaniman
na utepe ukashuka, kijani, njano, nyekundu,
kwenye vile vikono vilivyobaki nyumbani.
"Maziwa huondoka kwa miguu," nilimwambia.
Aliliandika hilo. Kitabuni mimi ni
"mtoa habari wa tatu, mwanamume, mtu mzima."

Mwaka wa kumi na moja, tukingoja gari lililoharibika,
alifungua daftari la kwanza ili kupoteza muda.
Akafika kwenye wino mwekundu.
Akakaa chini, vumbini, na sketi yake nzuri.
"Mbona hukuniambia?"
"Uliuliza habari za mtu mmoja."

Kwa mstari ule alipata cheo, ndege, kumbi za baridi.
Mimi nilipata baiskeli. Sikulalamika sana.

Mwezi jana alikuja na mkongojo, amestaafu,
kizunguzungu kikamwangusha sokoni Moroto.
Hospitalini, muuguzi akamfunga utepe mkononi:
Nakiru wa Napeyok, namba arobaini na saba,
aliyeikojolea mizani.
"Presha iko juu, Mama. Mwaka huu umeugua mara ngapi?"

Profesa akanitupia jicho.
Kisha akakunja kidole cha kwanza:
"Mdogo wangu wa Fort Portal, mara mbili.
Mume wangu alikohoa hadi mvua..."

Nakiru aliandika, akaandika,
akageuza fomu, akaendelea nyuma.