Nyuzi Sabini na Moja

Kimekaa dakani, palipokuwa pa koroboi ya bibi,
hakizidi kijaluba cha tambuu,
kimya, kitaa kimoja cha kijani kinakonyeza.
Feni yake niliing'oa mwenyewe, mwezi wa Rajabu,
maana Nassra hurudi saa moja asubuhi,
zamu ya usiku Mnazi Mmoja imemkausha macho,
na ile feni, alisema,
ni mbu asiyeuma wala asiyetoka.

Nikaing'oa. Akalala.

Ila kaskazi haijui mapenzi.
Saa nane mchana, Mkunazini imenyamaa,
hata paka wamejibandika matumbo kwenye baraza,
nafungua simu kukitazama:
nyuzi hamsini na nane.
Sitini na tatu.
Nimetoka kusali alasiri, sabini na moja.
Nikakiwekea kiganja, nikakirudisha mbio
kama niliyegusa kaango.

Ndani mna nini, hata nikonde?
Mna daftari la chama cha kuzikana, mtaa wetu,
miaka thelathini na minne ya majina
ambayo mchwa walikwisha kuyaonja pembeni.
Nililipiga picha ukurasa kwa ukurasa:
nani katoa mia mbili, nani kasamehewa,
sanda ya Msabaha fundi saa, dhiraa zake,
pamba, ubani, karafuu maiti,
na mwandiko wa katibu Faki Shaame, umelala kulia,
aliyejiandika mwenyewe kwenye orodha ya wagonjwa.
Ukurasa unaofuata ni mwandiko wangu.

Kwanza nilileta mtungi,
nikauweka ubavuni mwake utoe lile jasho la baridi.
Siku ya tatu skrubu zimeota kutu,
chumvi imechora ramani ukutani.
Nikauondoa. Nikakiachia kijimlango wazi:
chokaa ikateremka, kwani ukuta huu ni mzee,
humwagika kidogo kidogo tukiwa usingizini,
na mjusi akaingia kuota joto,
akataga mayai mawili, meupe, mviringo,
juu ya chuma chenye majina ya waliotutangulia.
Nikafunga tena. Nikatia na kitambaa kwenye nyufa,
mjinga mie.

Mama mkwe alikuwa uani anawasha jiko.
Bi Mwanakombo hajui hicho kidude kinafanya nini
na hajapata kuuliza.
"Jiko hili," akasema, "hewa yaingilia wapi?"
Tundu la chini.
"Na joto latokea wapi?"
Juu.
"Na hicho chako umekifunika gubigubi kama mwari,
unataka kipumulie wapi? Masikioni?"
Akanionyesha kwa upawa matundu yaliyochongwa juu ya mlango,
ambayo miaka yote nikiyaona pambo.
"Waliojenga humu hawakuwa na feni.
Wala hawakufa kwa joto."

Nikaazima keekee kwa Mbarouk seremala.
Matundu saba chini, saba juu,
nikashona kitambaa cha chandarua kuzuia chokaa na mjusi.
Kidude nikakisimamisha wima, ubavu wake
ukaegemea kifuniko cha sufuria la alumini, kizee, kimepondeka,
na kifuniko kikaegemea jiwe la ukuta lenyewe,
jiwe la matumbawe, ambalo lilitoka majini
na bado halijasahau.
Yale mayai niliyahamishia nyuma ya dirisha.
Sijui yaliishia wapi.

Hakuna kilicholia. Hakuna kilichozunguka.
Joto lilipanda lenyewe, likatoka lenyewe,
kama mgeni mwenye adabu.

Saa tisa mchana Nassra akaamka kunywa maji,
nywele timtim, kanga imemlegea begani.
Alinikuta nimechuchumaa mbele ya daka.
Hakusema neno. Akapenyeza mkono,
akakigusa kwa nyuma ya vidole,
hivi anavyogusa mapaji ya watoto wodini,
akafumba macho kuhesabu.
"Arubaini na sita."
Nikatazama simu. Arubaini na saba.
"Hana homa," akasema,
akarudi kulala.