Wanga

Kwetu Wete, wanga ulikuwa na kazi mbili.
Siwasemi wale wa usiku, msinitilie maneno kinywani:
nasema wanga wa muhogo, mweupe,
unaolia ukiubana kiganjani.
Nusu iliingia kwenye sufuria ya shaba ya baba,
nusu ilibaki kwenye kibakuli cha mama
kungojea kofia.

Baba, Shaame Faki, alisonga halua.
Sukari kwanza, ichemke mpaka itoe povu la hasira,
kisha wanga, kisha samli kidogo kidogo,
na mwiko mrefu kunishinda mimi.
Mkono wa kulia ukichoka, wa kushoto.
"Halua ina wivu," akisema,
"ukiipa mgongo tu, inashika chini."
Iliki. Kungumanga. Zafarani aliyoilaza usiku kucha
ndani ya marashi ya waridi.
Lozi mwisho, kwa mkono wa bahili.

Mama alikaa ukumbini na kitambaa cheupe,
uzi mweupe,
na haraka ya kobe.
Kila kitobo alikizungushia uzi mpaka kikasimama
kama jicho lisilopepesa,
kisha kingine,
miezi mitatu, kofia moja.
Ua mojawapo aliliita lozi.
Nikamuuliza, lozi ya baba au lozi yako?
Akang'ata uzi.
"Yake inalika."

Mwaka ule Bwana Mselem wa Chake aliagiza kofia ya harusi ya mwanawe.
Alitanguliza nusu ya bei, na nusu hiyo tulikwishaila:
mchele, madaftari yangu, samli ya baba.
Ijumaa, kofia imebakia upindo tu,
imelazwa juu ya mto,
na mimi natoka jikoni nimekomba mwiko.
Sikukusudia. Nilitaka kuhesabu vitobo.
Nilifika arubaini na saba.

Kidole changu kikabaki pale:
duara la manjano, samli na zafarani,
na mistari yake yote, kama njia za konokono.

Mama aliosha kwa sabuni ya mche,
kwa ndimu na chumvi,
akaanika juani, akaomba Mungu, akaosha tena.
Samli ilikubali kuondoka.
Zafarani ikasema, mimi nimeshafika.
Hakunipiga. Hilo ndilo lililoniuma:
alikaa akiitazama kofia
kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa mwenzake.

Bwana Mselem alikuja, akaigeuza, akairudisha.
Deni tulililipa kwa halua, vikapu kumi na viwili vya ukindu.
Wageni wake walikula wakalamba vidole
(vidole vyao havikumkera mtu),
na bwana harusi akavaa kofia ya mashine.

Ile yetu mama aliitia wanga,
akaivisha juu ya kopo la maziwa ikauke,
akampa baba.
Aliivaa Idi kumi na tisa.
Doa alilipeleka nyuma, lakini akiulizwa tu
huivua upesi, kichwa wazi mbele ya watu,
akalionesha:
"Muhuri huu. Binti yangu Mize ametia sahihi."

Sasa baba hayupo. Mwiko ninao mimi,
na mabega yake pia, wanasema wanaoniona kwa nyuma.
Mkono wangu wa sindano haukufaa kitu,
hata kifungo nikishona mwenyewe hudondoka njiani.
Mama macho yamepungua. Anashona kwa ncha za vidole,
anahesabu kwa midomo,
na jana kaniita nimtungie uzi.

Nilikuwa nimeacha sufuria inatokota.
Nikamwambia, ngoja kwanza ninawe.
Akaninyooshea sindano, hakunitazama.
"Njoo hivyo hivyo. Hii si ya kuuza."

Uzi ulipita mara ya nne,
ukiwa na rangi.