Doa la Korosho

Oktoba, Newala. Mvua bado ni maneno ya redioni.
Simtanki limebaki na maji ya kifundo cha mguu
na mimi ndiye ninayeyapima:
kopo moja anawe mkunga,
kopo moja anawe mzazi,
sakafu ingoje,
sakafu ilikunywa jana.

Kazi yangu haina jina zuri. Wananiita mama wa ndoo.
Nyekundu, njano, nyeusi,
nazijua kama mzazi ajuavyo wanawe kwa kikohozi.
Sindano haijawahi kulalia ganda la ndizi
tangu niliposhika fagio hili.
Mkasi unalala kwenye maji ya klorini dakika kumi
nami nazihesabu kwa kunong'ona,
maana saa ya ukutani ilikufa ikisema tatu kasorobo
na hakuna aliyeizika.

Leo alfajiri kajifungua Siwema, binti Nandonde.
Mtoto wa kiume, sauti ya dalali mnadani.
Jua halijapasha bati, bibi yake kafika,
Bi Lukia, mbangua korosho,
mikono mieusi hadi kwenye viwiko:
mafuta ya ganda yaliingia miaka arobaini iliyopita,
yakakaa, yakawa ngozi.
Muuguzi mwanafunzi akamziba mlango.
"Bibi, kanawe kwanza."
"Nimenawa."
"Nawa tena."

Akanawa tena. Nilimmiminia mwenyewe,
nikaivunja hesabu yangu, kopo la pili, la tatu,
povu jeupe likipanda juu ya weusi ule,
kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole,
kidole gumba ambacho watu wote hukisahau.
Alinifuata kama anayefundishwa sala ukubwani.
Na doa likabaki palepale, likitutazama.

Ndipo akaingia daktari.
Koti jeupe, kucha fupi, mikono ya mtu wa vitabu.
Mwanafunzi akampisha.
Mimi nilijua alikotoka: chumba namba nne,
kwenye mguu wa mzee Chitanda,
kidonda tunachokisikia kabla hatujakiona.
Akanyoosha mkono kwenye kitovu cha mtoto.

Mimi ni wa ndoo.
Darasa la saba, na hilo la saba lenyewe kwa taabu.
Lakini niliwahi kufua shuka la dada yangu,
hospitali nyingine, mwaka mwingine.
Siku ya nne baada ya kuzaa, homa.
Siku ya sita shuka lilirudi nyumbani bila mwenyewe.
Hatukumwona aliyeibeba homa ile.
Alipita na kiganja safi, akatusalimia.

"Daktari, maji haya hapa."
Sauti ilinitoka ndogo, sauti ya mdaiwa.
Kopo likatikisika, matone mawili yakaanguka,
na mwezi huu, hapa juu, tone likianguka
watu hugeuka.
Alinitazama. Kisha akautazama mkono wake,
mbele, nyuma,
kama aliyejikuta kashika kitu cha mtu.
Akanawa.
Hakusema asante, hakusema neno,
ila alinawa hadi kidole gumba.

Bi Lukia akapewa mjukuu wake.
Mtoto mwekundu juu ya mikono mieusi,
akanyamaza papo hapo, dalali yule,
kama bei imefika.
Mwanafunzi akawa na kazi ya ghafla dirishani.

Jioni nikaligonga simtanki kwa ufunguo.
Lilinijibu kwa tumbo tupu.
Nikafungua daftari la maji: makopo matano, ziada.
Kwenye safu ya sababu nilikaa na kalamu
hadi mbu wakaanza.
Nikaandika: mikono minne.